Hesabu ya Kinachotoroka

Nina ugomvi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaotuletea habari za sayansi kama mshenga anavyoleta habari za bwana harusi: sifa zote zinatajwa, madeni hayatajwi. Wa pili ni wale wanaosema kwamba sayansi ya juu haimhusu mtoto wa Magu, kwa kuwa yeye bado anahitaji dawati na choo. Hao wa kwanza wanaficha hasara, na hao wa pili wanaficha elimu. Kwa mwanafunzi, matokeo ni yale yale: anakuwa mtu wa kushangaa habari za wengine na kukariri, badala ya kuwa mtu wa kuuliza na kupima.

Ili kuonyesha kosa la wote wawili nitatumia mfano mmoja, tena mgumu kwa makusudi. Nao ni kazi ya kunasa ayoni za kasi zinazotoroka katika mitambo ya sumaku ya kuunganisha viini vya atomi. Msomaji asiogope maneno hayo. Mimi sina shahada ya fizikia. Nilitoka chuo cha ualimu na stashahada, nikafundisha fizikia na hesabu, kisha nikawa mkuu wa shule hadi nilipostaafu. Kama mimi nimeweza kulifuata jambo hili, nawe hutashindwa.

Jua linawaka kwa sababu ndani yake viini vya hidrojeni vinaunganika na kutoa nishati. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wamekuwa wakijaribu kulifanya jambo hilo hapa duniani. Wanachukua aina mbili za hidrojeni, deuteriamu na tritiamu, wanazipasha moto hadi kufikia nyuzi milioni 150 hivi, yaani mara kumi ya joto la kitovu cha Jua. Katika joto hilo atomi hunyang'anywa elektroni zake na kubaki ayoni, na gesi nzima huitwa plazma. Viini viwili vikigongana na kuungana, hutoka vitu viwili: kiini cha heliamu, ambacho tangu zamani wanafizikia wanakiita chembe ya alfa, na nutroni moja.

Hakuna chungu wala sufuria inayoweza kubeba joto la namna hiyo. Kwa hiyo plazma huzuiwa kwa sumaku ndani ya chombo chenye umbo la tairi, kinachoitwa tokamaki, ambacho kilibuniwa na wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti. Ayoni ina chaji ya umeme, na chaji ikipita katika uga wa sumaku huzungushwa. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mambo. Anazunguka mambo, hawezi kwenda zake. Tofauti ni kwamba katika tokamaki mambo yenyewe yanateleza kufuata mstari wa sumaku, na mbuzi anakwenda nayo huku akizunguka.

Hapa ndipo penye jambo. Si mbuzi wote wana kamba ya urefu mmoja. Ayoni ya kawaida ya plazma, katika mtambo mkubwa, huzunguka duara lenye nusu kipenyo kisichozidi nusu sentimeta. Chembe ya alfa inapozaliwa hukimbia karibu kilometa 13,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ingetoka Mwanza kwenda Dar es Salaam na kurudi, mara tano, katika sekunde moja. Kwa kuwa ina kasi, duara lake ni pana zaidi, nusu kipenyo kama sentimeta tano. Hizo ndizo ayoni za kasi. Zipo pia nyingine ambazo wataalamu wenyewe huziingiza kwa kupuliza miali ya chembe kutoka nje, au kwa kuzichochea zilizomo kwa mawimbi ya redio.

Ayoni hizi ndizo kuni za moto wenyewe. Katika kila muungano mmoja, nutroni huchukua sehemu nne kati ya tano za nishati na, kwa kuwa haina chaji, hutoka moja kwa moja, sumaku haiioni. Chembe ya alfa hubaki na sehemu moja kati ya tano. Sehemu hiyo moja ndiyo inayotakiwa kubaki ndani na kuipasha plazma moto ili moto ujilishe wenyewe. Alfa zikitoroka kabla ya kuacha joto lake, moto unafifia, na wenye mtambo wanabaki kuuchochea kutoka nje daima, kama mtu anayepuliza jiko lenye makaa mabichi.

Kwa nini zitoroke? Sababu ni nyingi, nami nitataja mbili. Kwanza, sumaku zenyewe zimepangwa kwa vipande. Mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, una koili kubwa 18 zilizozunguka chombo. Kati ya koili na koili nguvu ya sumaku hulegea kidogo, kama ua wa seng'enge unavyolegea katikati ya nguzo na nguzo. Mbuzi mwenye kamba ndefu hujua pa kupenya. Pili, plazma ina mawimbi. Mwaka 1942 Mswidi Hannes Alfvén alieleza aina ya mawimbi yanayopita katika gesi yenye umeme iliyomo ndani ya sumaku, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ikitokea kwamba mwendo wa ayoni za kasi unalingana na mwendo wa mawimbi hayo, ayoni huyasukuma kama watoto wanavyosukuma bembea kwa wakati wake. Bembea inapanda, inapanda, kisha inawatupa nje wale wale walioisukuma.

Jambo hili si la kwenye karatasi tu. Katika miaka ya 1990, kwenye mtambo wa TFTR huko Princeton, Marekani, ayoni za kasi zilizotupwa nje kwa njia hii ziliunguza ukuta wa chombo hadi ukavuja. Yafaa ieleweke kwamba chombo hicho hakitakiwi kuingia hata pumzi ya hewa.

Sasa tufanye hesabu, maana mwalimu wa hesabu hastaafu. ITER imekusudiwa kutoa megawati 500 za muungano wa viini kwa kupashwa moto na megawati 50. Moja ya tano ya 500 ni 100. Hizo ndizo megawati za chembe za alfa. Kituo cha umeme cha Nyakato pale Mwanza kilijengwa kutoa kama megawati 60, basi alfa peke yake zinaizidi Nyakato. Tuseme zinazotoroka ni asilimia moja tu. Mwenye haraka atasema asilimia moja si kitu. Lakini asilimia moja ya megawati 100 ni megawati moja, yaani majiko 1,000 ya umeme yenye kilowati moja kila moja. Ukiyatawanya majiko hayo uwanja mzima, hayadhuru. Ukiyarundika kwenye sehemu ndogo ya ukuta, utatoboa ukuta. Hasara haiulizwi ukubwa wake tu. Huulizwa pia imeangukia wapi. Wastani hauwezi kukujibu swali hilo.

Kwa sababu hiyo wamebuni chombo cha kunasa watoro. Ni kisanduku kidogo kinachosogezwa karibu na ukingo wa plazma, chenye tundu jembamba. Ayoni inayotoroka, ikiwa na mzunguko unaostahili, huingia kwenye tundu na kugonga bamba lililopakwa unga unaong'aa unapopigwa. Kamera hutazama bamba hilo kupitia vioo. Uzuri wake ni kwamba sumaku ile ile iliyoshindwa kumzuia mtoro ndiyo inayomshitaki. Ayoni yenye kasi kubwa huzunguka duara pana na kugonga mbali. Yenye kasi ndogo hugonga karibu. Aidha, pembe iliyoingia nayo huipeleka upande huu au ule wa bamba. Kwa hiyo nukta ya mwanga inaeleza mambo mawili kwa pamoja: mtoro alikuwa na nguvu kiasi gani, na alikuwa akielekea wapi. Mwanga ukipigapiga sawasawa na mdundo wa wimbi fulani la plazma, wanajua ni wimbi gani lililomtupa. Vyombo vya aina hii vilitumika TFTR, vikatumika JET huko Culham, Uingereza, na vinatumika katika ASDEX Upgrade huko Garching, Ujerumani. Pale TFTR, Stewart Zweben na wenzake walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhesabu alfa zinazotoka.

Mwalimu yeyote wa fizikia aliyesoma mpaka hapa ameshastuka, kwa maana hadithi hii anaijua. Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, chini ya Rutherford, walikaa gizani wakihesabu vimulimuli vya chembe za alfa kwenye bamba la salfaidi ya zinki. Unga wa aina hiyo hiyo ulitumika katika kinasa cha TFTR miaka zaidi ya 80 baadaye. Chembe karibu zote zilipita moja kwa moja katika karatasi ya metali. Rutherford akashauri waangalie kama kuna zinazorudi nyuma, upande ambao hakuna aliyetegemea kuona kitu. Zilikuwepo, takriban moja kati ya 8,000. Kiini cha atomi kiligunduliwa kutokana na hizo chache zilizopotea njia. Kama Marsden angeandika daftarini kwamba "karibu zote zilipita" na kwenda kunywa chai, asingekuwa amesema uongo. Ila tusingejua kitu.

Nimerudi sasa kwa wagomvi wangu. Nianze na wale washenga.

Mwezi wa Desemba 2022 dunia nzima ilitangaziwa kwamba maabara moja ya Marekani, inayotumia miali ya leza na siyo sumaku, imepata nishati nyingi kuliko iliyoingizwa. Miali ilipeleka megajuli 2.05 na ikatoka megajuli 3.15. Ni kweli tupu, na ni kazi ya kupigiwa makofi. Lakini wengi wa waliotusomea habari ile hawakutwambia kwamba kuziwasha leza zile kulikula kama megajuli 300 za umeme wa kawaida. Mwaka 2024 ikaja habari ya JET: katika majaribio yake ya mwisho ya mwaka 2023 ilikuwa imetoa megajuli 69, kiwango ambacho hakuna mtambo wa sumaku uliokuwa umekifikia. Megajuli 69 zinatosha kuchemsha lita 220 hivi za maji, yaani pipa moja na ndoo moja. Tena nishati iliyoingizwa kuipasha plazma moto ilikuwa kubwa kuliko hiyo iliyotoka.

Sisemi haya ili kuwadharau. La hasha! Hesabu hizi zote zimetolewa na wanasayansi wenyewe, hawakuzificha. Kosa ni la mjumbe. Anapotangaza "umeme usiokwisha" au "Jua limeletwa duniani", anamfundisha kijana kwamba sayansi ni miujiza inayotokea kwa Wazungu siku ya Jumanne. Kijana hafundishwi kwamba sayansi ni mtu aliyekaa miaka ishirini akitazama tundu jembamba ili ajue ni asilimia ngapi inapotea, na inapotelea wapi. Wenye ITER walitangaza mwaka 2024 kwamba shughuli zao za utafiti zitaanza mwaka 2034, na mafuta yenyewe ya deuteriamu na tritiamu yatatumika mwaka 2039. Anayejua habari za watoro anaelewa kwa nini haraka haifai. Anayejua habari za miujiza tu atasema wametapeliwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye ukurasa wa mapato tu, bila wa matumizi, si daftari. Ni tangazo.

Na sasa nije kwa wale wa pili, ambao ni ndugu zangu kabisa.

Mwaka 2014, wakati shule za kata zilipohimizwa kumaliza vyumba vya maabara, nilisimama katika mkutano mmoja wa hadhara nikaomba kwamba pamoja na saruji tuchangie vipimajoto na mizani. Kiongozi mmoja kijana, ambaye niliwahi kumfundisha, alinijibu kwa heshima zote.

"Shikamoo mwalimu. Mwalimu wangu, tuanze na jengo. Hayo ya kupimapima ni ya wenzetu waliokwisha shiba."

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Aliyeshiba ndiye asiyekuwa na haja ya kupima. Mwenye magunia mia hajali panya wala mchwa. Mwenye debe moja la mahindi ndiye anayepaswa kujua panya wamekula kiasi gani, na wamepitia wapi."

Jengo lilisimama, na mlangoni pakaandikwa MAABARA kwa rangi nyekundu. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa limejaa madawati mabovu hadi dirishani.

Kwanza, si kweli kwamba kazi hii ni ya wenzetu. Nenda Hospitali ya Bugando, ambako picha za eksirei hupigwa na saratani hutibiwa kwa mionzi. Mtumishi wa mionzi huvaa kifuani kibeji kidogo. Ndani yake mna fuwele maalum inayotunza alama ya mionzi iliyomfikia, na ikipashwa moto hutoa mwanga unaopimwa. Tanzania ilikuwa na sheria ya kujikinga na mionzi tangu mwaka 1983, na kwa sheria ya mwaka 2003 ikaundwa Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo hupima vibeji hivyo. Hebu tazama: mionzi iliyotoroka, kitu kinachong'aa, na hesabu ya nani amepata kiasi gani. Kibeji kile ni ndugu wa kisanduku cha Princeton. Mtoto wa Magu anaweza kukivaa akiwa mtumishi, au akalazwa mbele ya mashine hiyo akiwa mgonjwa. Nani basi atamwambia haimhusu? Na Waafrika hawajawa watazamaji tu katika tokamaki pia. Afrika ya Kusini walikuwa na yao huko Pelindaba katika miaka ya 1980, wakaipa jina la Tokoloshe, kizimwi cha hadithi za kwao.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hatuna uhaba wa vifaa tu. Tuna tabia. Kwa miaka mingi nilisimamia masomo ya vitendo. Mwanafunzi anapewa jaribio ambalo jibu lake limo kitabuni. Anapima, anapata pungufu, kwa sababu joto limetoroka kwenye ukingo wa chombo. Jirani yake hapimi chochote. Anajua jibu la kitabu, anarudi nyuma kwa hesabu na kupika vipimo vinavyolifikia. Yule mpishi anapata alama zote. Yule mkweli anapata nusu, naye ameandika kwa aibu, "tofauti hii imesababishwa na makosa ya kipimo", sentensi aliyokaririshwa. Basi mwaka unaofuata naye anapika. Tumemfundisha nini? Tumemfundisha kwamba hasara ni aibu ya kufichwa. Huyo akija kuwa mhasibu wa halmashauri, au mganga mkuu wa kituo, au karani wa chama cha ushirika cha pamba, atatuletea mahesabu yaliyonyooka, na ukuta utakuwa umetoboka siku nyingi.

Katika tokamaki mpishi wa vipimo hadumu. Chuma kikiyeyuka hakisomi taarifa yake.

Jaribio la kufundishia jambo hili halihitaji Ufaransa. Chukua lita mbili za maji ya ziwa, jiko la mkaa, kipimajoto, na mizani ya dukani. Pima gramu 100 za mkaa. Zikiungua zote zina kama kilojuli 3,000. Pasha maji kutoka nyuzi 25 hadi 95. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakokotoa kwamba maji yamepokea kilojuli 588, yaani sehemu moja tu kati ya tano. Usimruhusu aandike makosa ya kipimo. Mwambie: kilojuli 2,412 zimekwenda wapi? Aweke mkono pembeni mwa jiko. Apime mvuke uliotoka kwa kupima maji yaliyobaki. Azungushie jiko udongo, apime tena. Aandike ukurasa mzima wa waliotoroka, na umpe alama kwa ukurasa huo. Siku hiyo amefanya kazi ile ile inayofanywa Garching, na mama yake amepata jiko linalokula mkaa kidogo.

Msomaji atakuwa ameona pia kwamba yote haya nimeyaeleza kwa Kiswahili, lugha ambayo wengine wanasema haiwezi kubeba fizikia. Ayoni zimezunguka, mawimbi yamepanda, hakuna kilichoanguka njiani. Hilo tutagombana siku nyingine.

Kwa leo nawaomba walimu wenzangu walioko kazini jambo moja. Mtakaposahihisha daftari lenye jibu pungufu, msikimbilie kalamu nyekundu. Mwiteni mwenye daftari, mwulizeni kilichopungua kimepitia wapi. Akiwa na jibu, au akiwa na njia ya kulitafuta, mpeni alama zake zote.